Video ya raia au kamera ya polisi, mwandishi aanze na ipi?

Hili swali haliishi kwa wanaoripoti mambo ya polisi na ubaguzi wa rangi Marekani, afu kila mtu ana upande wake.

Kwa spidi, simu ya raia inashinda, hapo hata hatubishani. Minneapolis Mei 2020 taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu kapata tatizo la kiafya akafariki hospitali, goti la polisi shingoni mwa huyo marehemu, George Floyd, halikutajwa hata kidogo, simu ya binti aliyesimama pale pembeni ndo ikaanika kila kitu. Sa angalia Chicago, kijana Laquan McDonald alipigwa na polisi risasi 16, ilikuwa Oktoba 2014, video ya kamera ya gari la polisi ikatoka Novemba 2015, tena mpaka mwandishi mmoja alipoenda mahakamani, na haikuwa na sauti.

Ila simu mara nyingi inawashwa mambo yashachemka, ule mwanzo unaukosa. Kamera ya polisi ina saa na tarehe, ila anayeitunza ndo huyohuyo anayechunguzwa (hapo ndo pananikera).

Gharama? Ya raia mara nyingi ni bure ila usalama wa aliyerekodi uufikirie. Ya polisi inataka maombi ya maandishi, subira, na wakili ikibidi.

Habari inatoka leo na mashahidi bado wapo mtaani, anza na simu. Unafuatilia kesi au siasa za meya na mkuu wake wa polisi kwa miezi, komaa na kamera yao.