L-39 ndani ya DCS World: siti ya nyuma ndo inafanya ndege hii inunuliwe

Nimeirusha hii L-39 Albatros karibu mwaka mzima sasa, niko hapa hapa Ntinda chumbani kwangu, na kila wiki kuna mtu ananiuliza WhatsApp aanze na ndege gani kwenye DCS, ule mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege kama za kweli, basi leo naandika mara moja wote msome. Anza na hii. Najua wengi mnataka ndege ya kivita kama F-16 moja kwa moja sababu ina rada na makombora ya mbali, lakini utakaa wiki mbili unakariri vitufe na kutua bado hujui.

Kwa asiyeijua, hii ni jeti ya mafunzo ya siti mbili, mwanafunzi mbele mwalimu nyuma yake, siti ya nyuma imeinuliwa kidogo ili mwalimu aone mbele. Ilitengenezwa Chekoslovakia na kiwanda cha Aero Vodochody, ikaruka mara ya kwanza mwezi wa 11 mwaka 1968, na zilitoka zaidi ya 2,800. Jeshi letu la anga hapa Uganda nalo limekuwa nazo, na kabla yake lilikuwa na L-29, ile iliyoitangulia. Mimi nimekulia kota za jeshi Entebbe, hata hiki Kiswahili nimekitolea huko, kwa hiyo kukaa ndani ya ndege hii kwenye skrini na kujua kila swichi inafanya kazi gani, jameni, kwangu ni kitu kikubwa sana.

Ukinunua unapewa aina mbili kwa bei moja, L-39C ya kufundishia na L-39ZA yenye mzinga wa mitutu miwili wa milimita 23 chini ya tumbo.

Sasa nije kwenye siti ya nyuma maana hapo ndo roho ya ndege yenyewe. Watu wawili mnaingia ndege moja kupitia intaneti, kila mtu na kompyuta yake. Kaka yangu yuko Mbarara, alisoma urubani Soroti kwa ndege ndogo za propela, yeye anakaa nyuma mimi mbele, na tukiwa hewani namwita afande kabisa. Tunatumia ramani ya bure ya Caucasus, upande wa Georgia, tunatoka uwanja wa Batumi tunapita pembeni mwa Bahari Nyeusi mpaka Kobuleti tunatua tunarudi. Nikikosea anashika stiki, ule mkono wa kuongozea ndege, yeye, naona yangu inasogea. Siku moja tumeingia kwenye mawingu akanizimia saa ya kuonyesha ndege imelala vipi, maana mwalimu ana swichi zake za kuharibu vyombo vya mwanafunzi makusudi, akaniambia tulia, angalia mwendo, angalia kimo, usivute stiki. Nilijifunza mengi dakika zile tano kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Ila mjue kila mtu lazima anunue yake, mkinunua moja hamuwezi kukaa wawili.

Yenyewe inafundisha bila huruma lakini kwa haki. Kuwasha si kazi ngumu: betri, jenereta, unabonyeza Turbo ile injini ndogo ya kuanzishia inanguruma, ukishaona taa yake unabonyeza Engine, unatoa throtoli, ule mkono wa nguvu za injini, kwenye stop unaweka aido, yaani nguvu ya chini kabisa, na kusubiri mzunguko wa injini ufike kama asilimia 56. Injini yake ni nzito kuamka, ukiishusha sana halafu ukahitaji nguvu ghafla inachukua sekunde kama kumi hivi ndo ije, na ukiwa unatua hizo sekunde ni nyingi mno, kwa hiyo unazoea kufikiria mbele. Gurudumu la mbele nalo halina usukani, unabana breki ya kwenye stiki huku unakanyaga pedali ya upande unaotaka kwenda, siku za kwanza nilikuwa natoka nje ya lami kila mara. Na ukipiga mbizi mpaka ukakaribia Mach 0.78, yaani asilimia 78 ya mwendo wa sauti, breki za hewa zinafunguka zenyewe.

Kwa vita usitegemee makubwa. Rada haina, una roketi, mabomu madogo, makombora mawili ya kufuata joto na risasi 150 za mzinga kwenye ZA, zinaisha haraka. Lakini kupiga shabaha kwa roketi ukiwa chini kati ya milima, kwa macho yako na kioo cha shabaha tu, hapo ndo utajua unalenga au unabahatisha.

Yanayouma sasa. DCS inakula diski vibaya, andaa SSD na RAM gigabaiti 16 usiende chini ya hapo. Mkiwa wawili na laini ya mmoja ikayumba, swichi kwako zinaonyesha hivi kwake vile, usiku bando ikiwa nzito inatusumbua sana na hili wangelitengeneza zamani. Kimo ni mita na mwendo ni kilomita, mi napenda, aliyezoea futi atapata shida. Maandishi ya Kirusi yasikutishe, kwenye seting unabadilisha yanakuwa ya Kiingereza.

Usikimbilie kulipa. DCS yenyewe ni bure, unapata ndege mbili, Su-25T na TF-51, humo humo, halafu ukishusha kutoka tovuti yao wenyewe, siyo Steam lile duka la michezo la mtandaoni, unaweza kuijaribu L-39 siku 14 bila kutoa shilingi, ukiipenda subiri punguzo maana huwa yanakuja. Joistiki chukua inayozunguka mkononi ili upate pedali, ya kawaida tu inatosha.

Mimi na kaka tunaruka Jumamosi saa tatu usiku. Ukishaiweka niandikie inbox, wewe utakaa mbele, mimi nyuma.