TAHADHARI: Fundi wa matrela anayekula pesa za watu wetu hapa Houston

Ndugu zangu, sambazeni hii hadi Dallas na Austin. Kuna fundi wa matrela, Mswahili mwenzetu, anatapeli watu mchana kweupe. Jina silitaji, mume wangu kanikataza, lakini wengi wenu mshamjua.

Trela letu mnalijua, lile la kulala linalovutwa na gari. Tangu kimbunga Beryl, Julai 2024, ubavu wa upande wa kitanda ulianza kututumka. Faibaglasi ya nje imeachana na plaiwudi yake, ukibonyeza inaingia, ukiachia inarudi.

Akaja Jumamosi asubuhi na ovaroli safi. Akampa mama shikamoo, chai akaikataa mpaka amalize kukagua. Akawa anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, taratibu, kuanzia mlangoni kuelekea dirishani, mpaka mlio ukabadilika. Akaniita: "Dada, sikia, hapa patupu." Akapachora duara kwa penseli. Kisha akaingia ndani na kipima unyevu, kile chenye pini mbili, akafungua kabati, akazichomeka pini kwenye mbao, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. 11. "Asilimia 11 dada, mbao kavu kabisa. Gundi tu ndiyo imeachia. Ingekuwa imeoza ningekwambia tubomoe."

Sasa niambieni, nani asingemwamini? Kipimo nimekisoma kwa macho yangu. Huyu ndiye aliyeshika daftari la michango kwenye msiba wa mzee, senti haikupotea. Karakana kubwa ilitutajia dola 7,000 na kutuambia tusubiri zamu. Yeye akasema 2,800, nusu kwanza. Tena hakuwa na pupa, alikuwa anaeleza kila kitu kama mwalimu.

Akatoboa vitundu vyembamba kwa drili, akavuta gundi ya epoksi kwenye bomba la sindano, akaudunga ukuta wote tukimwangalia. Akaukandamiza kwa mbao na magogo, akauacha ulale hivyo. Kesho yake ukuta umenyooka. Akaziba vitundu, akapaka silikoni nyeupe kuzunguka dirisha, inang'aa. Nikamtumia salio kwa Zelle nikiwa nimesimama pale pale, na sambusa za watoto wake nikamfungia. Sambusa zangu!

Mvua kubwa ya kwanza tu, uvimbe ukarudi, safari hii mpaka kwenye gurudumu. Simu hapokei. Ujumbe anausoma, hajibu.

Tukaita fundi mwingine. Akaanza kufungua ile reli ya alumini ya pembeni, skrubu zikamtoka na kutu hata kabla ya kuzizungusha. Plaiwudi ikamporomokea mkononi kama majani ya chai yaliyochujwa. Fremu ya mbao nyuma yake nyeusi tii, na harufu ilimtoa mama nje. Epoksi ya yule mshenzi ilikuwa imeganda mabonge mabonge, imeshikana na mbao iliyooza. Maji yalikuwa yanaingilia juu, kwenye kona ya paa, na yeye ngazi hakuigusa hata mara moja.

Na ile 11? Pale kabatini alipochomeka pini ni ukuta wa ndani wa kugawa vyumba, haugusani na ukuta wa nje popote. Alijua anachokifanya. Alipachagua pale.

Wenye matrela: fundi asiyepanda paani asiguse ukuta wako. Gundi ya sindano inafaa pale tu mbao ikiwa nzima na kavu, na pa kuingilia maji pameshazibwa. Kipimo kichomekwe chini ya dirisha na kwenye kona, ukiona 20 kwenda juu ujue kuna maji. Dirisha linalovuja linatolewa na kurudishwa kwa utepe wa butili, ule wa mpira unaonata, silikoni ya juu juu ni kuficha tu. Na Zelle ukishatuma imekwenda, benki hairudishi kirahisi, mimi nimepiga simu mpaka nimechoka.

Sitaki msamaha wake, wala wazee wasinijie na maneno ya "tuyamalize nyumbani". Nataka 2,800 zote, na plaiwudi na fremu mpya juu yake, maana uozo umeenea wakati sisi tunajua ukuta umepona. Mahakama ya madai madogo hapa Texas inapokea madai hadi dola 20,000, fomu nimeshachukua. Kuna familia moja ya Katy, hapa jirani na Houston, wamedungiwa ukuta vile vile, nao wanakuja kutoa ushahidi. Mwingine yeyote mwenye risiti au picha anitumie faraghani kabla ya Ijumaa.

Na viongozi wa jumuiya, daftari la rambirambi analo mpaka leo. Mnyang'anyeni wiki hii, la sivyo nitalifuata mwenyewe mbele ya watu wote.