"Umetuletea teja au umetuletea godoro?" Uzoefu wangu wa kutafuta soba Tanga

Naandika hii usiku, cherehani nimeshaifunika na hasira bado ninazo, kwahiyo mtanisamehe nikirukaruka. Nataka kueleza habari ya godoro. Najua kuna mtu atasema dada we ulienda kumtafutia mdogo wako tiba ya unga, yaani heroini, unakuja kulalamikia godoro, haya, ndo nalalamikia godoro, subiri nifike.

Soba yenyewe, yaani hizi nyumba wanakokaa watu wanaoacha unga na pombe, sitaitaja jina. Mdogo wangu kanikataza, na ndani wapo watoto wa watu mpaka leo. Jua tu ni huku huku Tanga, nje ya mji kidogo.

Mdogo wangu alikuwa anavuta kokteli, yaani unga anauchanganya na bangi anasokota, kaenda hivyo miaka kama minne. Fundi pikipiki mzuri, watu walikuwa wanatoka Pongwe wanamfuata yeye Ngamiani. Sitaki kueleza sana hapo, mwenye teja nyumbani anajua. Feni iliondoka, sufuria ya pilau ya mama ikaondoka, siku moja naamka nakuta pasi yangu ya mkaa haipo, na mpaka leo najiuliza ni nani huyo Tanga hii anayenunua pasi ya mkaa ya wizi.

Mama alianza na kombe, zile aya za Kurani zinaandikwa kwenye sahani zinaoshwa kwa maji mtu anakunywa. Sipingi kombe mimi, mtoto alilinywa siku saba na bismillahi juu, ila ikifika jioni anaenda maskani kwa wavutaji wenzake kama kawaida.

Basi kutafuta ikawa kazi yangu. Na hakuna anayekwambia uanzie wapi, unaulizia kwa kunong'ona kama unatafuta mume wa mtu. Ile namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, 119, nimekuja kuijua nikiwa nimeshalipa hela za watu. Na kwa lugha yao hizi soba zinaitwa nyumba za upataji nafuu, jina zuri kweli, sijui kwanini hatulitumii.

Sehemu ya kwanza nilipiga simu Bagamoyo, nilipewa namba na mteja wangu wa sare za harusi. Nilipenda wazo la Bagamoyo maana ni mbali na maskani yake, hajui kichochoro hata kimoja. Aliyepokea hakuniuliza mgonjwa ana miaka mingapi, hakuniuliza anatumia nini, kavuta au kajidunga, ana TB, hana TB, kaniuliza utalipa kwa simu au kwa benki. Nikakata. Yule mteja wangu mpaka leo ananiambia ulikosea, kijana wa dada yake katoka pale ana akili zake. Inawezekana. Mi nilikata.

Ya pili ilikuwa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu wa unga aache, pale hospitali ya Bombo hapa Tanga. Na hapa kosa ni langu mwenyewe, wala simsingizii mtu. Shoga yangu aliniambia ile ni unga wa serikali, wanamtoa kwenye unga wa pusha wanamuingiza kwenye unga wa nesi, na mi hayo maneno nikayameza mzimamzima, nikaiacha. Kumbe sikujua kitu. Ni dawa ya maji, anakunywa mbele ya nesi kila siku iendayo kwa Mungu, bure, haimpi stimu kama dozi imekaa sawa, inachofanya ni kuzuia arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, ikishaingia inakaa mwilini zaidi ya siku moja ndo maana mtu anaweza akarudi gereji akashika spana mikono haitetemeki. Muhimbili walianza nayo tangu 2011 huko, sisi huku tunaisikia kwa mashoga. Ila ujue ni ya watu wa unga, kama wako kakamatwa na pombe au bangi haimhusu, usipoteze nauli.

Kwahiyo nikaenda kwenye ya tatu, hiyo soba. Nikawauliza vipi kuhusu methadoni, wakasema hapa hatupokei wa methadoni, hapa mtu anaacha kavukavu bila dawa, kwa zile hatua kumi na mbili za kuacha na mikutano asubuhi na jioni. Nikaona hawa ndo wanaume. Laki mbili na nusu kwa mwezi, unaanza na miezi miwili mkononi, risiti hakuna, kuna daftari. Na orodha ya vitu juu: ndoo, sabuni miche mitatu, dawa ya mswaki, shuka mbili, mchele kilo kumi, na godoro.

Sasa godoro. Nilinunua la mbili na nusu kwa sita, jipya, sio la mtumba, kwa hela ya sare ambayo sikuwa hata nimeishona. Na kwa vile mi ni fundi nikasema mdogo wangu hawezi kulalia godoro tupu atoke jasho liharibike, nikalishonea kava usiku. Nilikuwa na vipande vya kitenge vimebaki, rangi ya ugoro na maua ya njano, nikaunga vinne. Kona ya mwisho uzi ukaniishia, nikamalizia na uzi mwekundu. Mbaya kweli, fundi mwingine angenicheka, lakini saa saba ya usiku nani anauza uzi. Na mdogo wangu mwenyewe yupo pembeni hapo kajifunika kanga mbili za mama kwenye joto lile la Tanga, pua inamtiririka, anapiga miayo mpaka taya inalia, malaika yamemsimama mikono yote. Alikuwa hajapata tangu asubuhi. Nashona huku naangalia mlango asitoke.

Tukampeleka alfajiri kwa bajaji, godoro limekunjwa juu ya mapaja yetu.

Wiki za mwanzo huruhusiwi kumuona. Hilo nilikubali. Ukipiga simu unaambiwa anaendelea vizuri, na mi naamini maana nataka kuamini.

Siku ya kuruhusiwa nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka nikaenda. Nafika getini jicho la kwanza linaangukia kwenye uzio, godoro langu limeanikwa. Maua ya njano yale pale. Nikafurahi hata, nikasema ona wanavyomuanikia. Mdogo wangu katoka, kanenepa uso, macho meupe, nimelia kidogo nisiseme uongo. Tumekaa anakula, nikamwambia godoro naona linapigwa jua. Akanyamaza. Nikamuuliza we unalala wapi. Akasema dada kula basi. Nikamuuliza tena. Mkekani. Tangu lini? Tangu siku ya pili.

Nilinyanyuka na mkono una wali. Nikamfuata msimamizi, jibaba limekaa na fulana ya ndani linachambua maharage, nikamsalimia vizuri kabisa, kaka habari za kazi, samahani lile godoro ni la mdogo wangu mbona nasikia analala chini. Akasema hilo godoro ni la soba. Nikasema la soba vipi, angalia hiyo kona, uzi mwekundu huo nimeushona mimi kwa mkono wangu. Hata kona hakuiangalia. Akaniambia, na wageni wengine wanasikia, "Dada, umetuletea teja au umetuletea godoro? Kama umeleta godoro libebe, na teja ubebe."

Watu wakacheka. Kuna mama mmoja alicheka mpaka akajishika kiuno, na yeye kaja kumuona mwanawe hapo hapo.

Hilo neno sijalimeza mpaka leo. Sio godoro, ni vile alivyojua siwezi kubeba vyote viwili. Alijua kabisa. Ukishampeleka mtu wako pale huna mdomo, ukiuliza chakula unajidai, ukiuliza nesi yuko wapi unajidai, maana wote mnajua ukimrudisha nyumbani leo jioni yuko maskani. Kwahiyo nyota moja. Na hiyo moja naipa kwa sababu huwezi kutoa sifuri.

Na nesi kweli hakuwepo. Hilo ndo lilitakiwa liniume kuliko godoro na nimeliona baadae. Arosto ya unga ni mateso, siku ya pili na ya tatu ndo balaa lenyewe, anatapika anaharisha mifupa inamuuma, ukikaa na maji na mtu wa kumuangalia kwa kawaida inapita ndani ya wiki hivi. Lakini mlevi wa pombe wa siku nyingi ukimkatisha ghafla anaweza akapigwa degedege akafa, na pale walikuwa wanawachanganya humo humo wa unga na wa pombe. Mi nilikuwa sijui la kuuliza, nimeuliza godoro.

Na kuna kingine hawakutuambia. Mtu akishakaa msafi miezi mitatu minne mwili unasahau. Akitoka akarudia kipimo kile kile cha zamani kinamuondoa. Mwenzake mdogo wangu, walitoka wiki moja, kaka mpole yule alikuwa ananiita shangazi kwa utani, alirudi kwao akavuta siku moja tu, hakuamka. Sisi tulikuwa tunaambiwa mtoto kapona mchukueni mkamshukuru Mungu. Hakuna aliyetukalisha ndugu akatuambia hizi wiki za mwanzo ndo mbaya kuliko zote.

Sasa ngoja. Hapa ndo naanza kujikanyaga.

Wangu na yeye aliteleza. Ilikuwa kama mwezi na kitu tangu atoke, nikamjua kwa vile alivyokuwa anajikunajikuna na kucheka peke yake. Sikumwambia mama. Nilikuwa na namba ya soba, nikapiga kwa hasira, nikawatukana yule jibaba na godoro lake, nikakata. Jioni ile ile nasikia bodaboda nje, nani, jibaba. Kajilipia boda mwenyewe. Hakuingia na maneno, kamkuta mdogo wangu kibarazani wakakaa pale mpaka isha imepita wanaongea chini chini, na mi nimejificha nyuma ya pazia. Nikasikia anamwambia mi nilirudi mara tisa, we umerudi moja unalia. Kumbe na yeye ni teja aliyeacha.

Na asubuhi yake nani kampeleka Bombo? Yeye. Yeye wa kavukavu, asiyepokea watu wa methadoni. Kamwambia we mwili wako haujakubali kavu, kajaribu na huku, nisije nikakuzika. Wakampima mkojo, wakamkalisha na mshauri, kaanzishwa dozi ndogo wakawa wanaipandisha taratibu. Leo ni miezi kama sita, saba, kila asubuhi anapanda baiskeli ya baba anaenda kunywa, anarudi gereji. Anasema foleni yenyewe imekuwa kama kijiwe. Kuna mwenzake humo alikuwa analalamika dozi haimfikishi kesho, kumbe kaanza vidonge vya TB na vile vinaimaliza methadoni haraka mwilini, ikabidi waiongeze, yani mtu angeweza kurudi kwa pusha kwa sababu ya vidonge vya TB na asijue.

Nikamuuliza mdogo wangu siku moja, hivi lile godoro alikuwa analalia nani. Akacheka. Akasema ni yeye msimamizi, ila sio chumbani kwake. Alikuwa analitandika kwenye mlango wa chumba cha arosto, kila usiku, ili mtu akitapika au akitaka kuruka ukuta amkute yeye kwanza. Lake la zamani lilioza kwa matapishi ya watu. Usiku wangu mimi, akasema, alinishika kichwa kwenye ndoo mpaka adhana ya alfajiri.

Sikuwa na la kusema. Halafu nikapata. Si angeomba! Angeniambia dada godoro la mdogo wako nimeliweka mlangoni kwa sababu hii na hii, mi ningemshonea na foronya. Kwanini unichekeshee watu? Mtu anaweza akawa anamshika mdogo wako kichwa usiku na mchana akakudhalilisha getini, vyote ni yeye, na mi sijui nimpe nyota ngapi. Nilianza na moja. Sasa hivi naona tatu. Kuhusu nesi narudi mbili.

Wiki iliyopita jirani yetu kaja, anazunguka zunguka kwenye mlango wangu anauliza bei ya kupunguza gauni ambalo wala halikuwa kubwa. Nikajua. Nikamkalisha, nikamwambia kama wako ni unga aanzie Bombo kuuliza, ni bure, na kama lazima soba basi aulize nesi yuko wapi na wa pombe wanalala wapi, aombe aoneshwe chumba kabla hajatoa hata shilingi. Akaniuliza soba gani. Nikakaa kimya, mkasi mkononi.

Nikampa namba ya jibaba. Nikamwambia na ukienda kununua godoro pitia hapa kwanza, nina maka peni, tutaliandika jina la mwanao pande zote mbili.