i-Tree Eco au Excel kwa miti ya Moshi?

Kukadiria kaboni iliyohifadhiwa na migrivea ya kihambani (shamba la nyumbani la Wachaga), anza na Excel. Unahitaji kipenyo (D, sm) kilichopimwa mita 1.3 kutoka ardhini, kimo (H, mita) na msongamano wa mbao (ρ, gramu kwa sm³). Kanuni ya mtafiti Chave na wenzake ya 2014 ni hii: kilo = 0.0673 × (ρ × D² × H)^0.976. Mti wenye D 30, H 15 na ρ 0.5 hutoa takriban kilo 368 za uzito mkavu wa sehemu iliyo juu ya ardhi. Zidisha kwa 0.47 upate kaboni, kisha kwa 3.67: karibu kilo 634 za kaboni dioksaidi.

Kosa baya ni kuingiza mzunguko wa shina badala ya kipenyo. Jibu hupanda zaidi ya mara 9. Gawanya kwanza kwa 3.14. Mti unaokatwa matawi kila mara kwa ajili ya kuni nao hukadiriwa kupita kiasi, maana kanuni haijui yaliyoondolewa.

i-Tree Eco, programu ya bure kutoka Marekani, inafaa zaidi miti ya barabarani mjini: hukadiria pia uchafu wa hewa ambao miti hunasa, pamoja na maji ya mvua ambayo miti huzuia. Inadai takwimu za hewa na mvua za eneo lenyewe. Thamani za fedha inazotoa usizipeleke kwa halmashauri kabla ya kuweka bei za hapa.