Umefukuzwa kazi Australia na mshahara wako ni mnono: ufungue dai lipi?

Anayelipwa zaidi ya dola 183,100 kwa mwaka (kiwango kilichoanza Julai 1, 2025) kwa kawaida hawezi kufungua dai la kwanza, la kuachishwa kazi isivyo haki. Ila piga hesabu upya kwanza: michango ya lazima ya pensheni haimo, wala bonasi isiyo na uhakika. Ukiwa chini ya mkataba wa pamoja wa kazini, mshahara si hoja.

Dai la pili, la kuadhibiwa kwa kutumia haki yako au kubaguliwa, halijali mshahara wala muda uliofanya kazi. La kwanza linataka miezi 6, au 12 kwa mwajiri mdogo.

Yote mawili hufunguliwa ndani ya siku 21. Huwezi kushika yote.

Kwenye pesa ndipo penye kazi. La kwanza huamuliwa na Fair Work Commission, tume ya Australia ya masuala ya kazi, na fidia haivuki mshahara wa wiki 26. La pili halina kikomo, na mwajiri ndiye wa kuthibitisha sababu yake. Lakini usuluhishi ukigonga mwamba mnaenda mahakamani, na mawakili hawafanyi kazi bure.

Meneja aliyefukuzwa baada ya kulalamikia usalama ana la pili. Aliyeambiwa tu "utendaji mbovu" bila onyo, akiwa juu ya kile kiwango cha mshahara, amebanwa kwelikweli.