Kikao cha kupanga kurudisha mikoko: nyota nne, ya tano nimeibakisha

Mimi ni mchokoa pweza, ng'ambo ya Lindi mjini, upande wa Kitunda. Kama kijiji chenu kinataka kuwaita hawa wataalamu wanaokaa na wananchi kupanga namna ya kurudisha mikoko, someni kwanza. Kwetu walikaa siku nne.

Walianza vibaya. Kikao saa tatu asubuhi, na siku yenyewe bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu! Bamvua maji yanakupwa asubuhi, wanawake wote tuko mwambani. Waliokaa kwenye mkeka ni wanaume na posho zao. Tuliporudi na ndoo zetu tukawasema, na yule dada aliyeongoza hakujitetea. "Basi mama zangu, saa ngapi?" Tukamwambia saa kumi.

Kuhamisha huko ndiko kulikotufaa. Saa kumi maji yanajaa. Tumekaa chini ya mkorosho, mbele yetu shamba la chumvi lililoachwa, tunayatazama maji yanapanda mkondo, yanafika kwenye tuta la zamani, yanagota hapo hapo. Nyuma ya tuta ni visiki vya mchu, aina mojawapo ya mikoko, na ardhi nyeupe kwa chumvi. Babu mmoja akainuka na bakora yake, akachora mchangani mkondo ulivyokuwa ukipita enzi za ujana wake. Dada akawa anamfuata nyuma anachomeka vijiti, kimya.

Jioni hiyo wakasimamisha fito na kuzifunga chupa za maji zilizokatwa vichwa, moja juu ya nyingine, kila shubiri. Asubuhi tukaenda kuhesabu. Nje ya tuta zilijaa chupa tano. Ndani, hata moja. Hapo hakukuwa na haja ya hotuba.

Nasema hivyo kwa sababu tulishapandishwa mikoko zamani, na watu wengine, sitawataja. Tulipewa fulana, tukachomeka mbegu za mkoko kwa mistari kama mahindi, tena huko mbele kwenye mchanga mtupu. Kusi ilipoanza kuvuma, mawimbi yakazing'oa zote. Mtoto wa pwani anajua anayetazana na bahari ni mlilana. Mkoko wenyewe anakaa nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi, ingawa miti yote hiyo huitwa mikoko. Hatukuulizwa. Safari hii tuliulizwa, na mpango ukawa huu: kwanza tuta likatwe sehemu mbili, maji yaingie, tuone mbegu zinazoelea zitajiotea wapi. Kupanda baadaye, kama kutakuwa na haja. Watu walishtuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Kilwa, lakini ukingo wetu ulikuwa unaliwa tangu zamani.

Mwenye shamba la chumvi walimkumbuka siku ya tatu, kosa hilo. Alikuja amenuna, na ana haki, tuta ni lake. Bwana misitu wa TFS, wakala wa misitu wa serikali, naye akasema mikoko ni hifadhi, hakuna kugusa kitu bila kibali. Mvutano ulikuwa mrefu, chai ikapoa. Mwisho mwenye shamba akakubali, ila akataka iandikwe kwamba hatadaiwa gharama. Ikaandikwa mbele ya mwenyekiti.

Nyota ya tano nimeibakisha kwa sababu ya karatasi. Ramani ya kikao waliondoka nayo, na mpango ukarudi kurasa arobaini za Kiingereza. Tukaenda kulalamika kwa mtendaji, wakaleta kurasa mbili za Kiswahili, zimebandikwa ofisini. Hizo mbili zingetosha tangu mwanzo.

Tuta limeshakatwa. Mche sijauona bado, ila kaa wameanza kutoboa mashimo ndani, na wanangu wanakwenda kuwachungulia.

Mkiwaita, wakiwapa tarehe, hesabuni mwezi kwanza, mjue kama ni bamvua, kabla ya kukubali.