Masikio mawili nyuma ya usukani: Mazda Roadster ya otomatiki, miezi minane baadaye

Nianze na goti, maana goti ndilo lililochagua gari hili. La kushoto. Lilipasuliwa, likapona nusu, na daktari akaniambia niachane na klachi. Mimi! Niliyefundishwa gari kiwanja cha Tononoka, hapa Mombasa, ndani ya Peugeot 404 ya baba, gia yake kijiti kirefu chembamba kilichochomoza ubavuni mwa usukani, naye akikicheza kwa vidole viwili huku sigara imebanwa na vile vingine. Peugeot za aina hiyo zilishinda mbio za magari za Safari mara 4 miaka ya 1960. Kwa hiyo mtu akiniambia gia za usukani ni mambo ya juzi, namtazama tu.

Nililotaka ni Mazda Roadster, ambayo nje ya Japani huitwa MX-5. Viti viwili, turubai ya kukunja kwa mkono, injini ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 131, na gari zima halifiki kilo 1,100. Langu ni la 2016, lilishuka bandari ya Kilindini likiwa na umri wa miaka 7, mwaka mmoja tu kabla ya sheria ya Kenya ya umri wa magari yanayoingizwa, miaka 8, kulifungia mlango. Ni otomatiki ya gia 6, na nyuma ya usukani mna vijibao viwili: cha kulia chapandisha gia, cha kushoto chashusha. Fundi wangu wa Majengo anaviita masikio. Ukitaka gia, vuta sikio.

Mjini sina la kulalamikia. Saa moja asubuhi pale daraja la Nyali, tuktuk imeingiza pua kulia, matatu kushoto inashusha abiria katikati ya njia, goti langu limelala kama limekwenda likizo. Foleni ya feri ya Likoni nayo ni hivyo hivyo: waachia breki, gari lajikokota lenyewe, wakanyaga tena. Shida ya feri ni nyingine. Maji yakikupwa, ule mteremko wa kuingilia husimama wima, na tumbo la gari hili li karibu na ardhi. Naingia kwa upande, pole pole, na watu wa miguu hunicheka waziwazi. Jingine dogo: halina spea. Umepewa dawa ya kuziba pancha na pampu ya kuchomeka. Ukitoboka usiku njia ya Kilifi, utaijua thamani ya tairi la tano.

Lakini gari la namna hii halinunuliwi kwa ajili ya foleni. Ndugu yangu mdogo ana lake, mwaka ule ule, injini ile ile, la gia ya mkono. Jumapili moja tukavuka Likoni, tukaenda mpaka Kombani, tukakata kulia kupanda Kwale. Wanaoijua njia ile wanajua: baada ya Golini barabara hujikunja na kujikunjua, minazi inabaki chini, na upepo wa Shimba Hills unaanza kukuingia shingoni. Turubai tulishazikunja.

Nikatangulia na langu. Kabla ya kona ya kushoto iliyobana, niko gia ya nne, naitaka ya pili. Vuta sikio la kushoto, vuta tena. La kwanza likasikika. La pili, kimya. Nimeshaanza kukata usukani ndipo gia ikaingia, na mkia wa gari ukatikisika kidogo kama mtu aliyeamshwa. Si hatari. Ni kama kumtuma mtoto dukani: atakwenda, ila amalize kwanza alichokuwa akikifanya. Halafu katikati ya kona, usukani umegeuka robo na zaidi, masikio nayo yamegeuka pamoja nao, maana yameshikana na usukani wenyewe. Kidole kinapapasa, kinakuta hewa. Nikitoka konani nataka gia ya tatu, mkono wa kulia uko chini, wa kushoto uko juu, na sikio nililolizoea upande wa kulia sasa liko juu kabisa ya usukani. Kijiti cha sakafuni hakihami. Hata ukiwa umefumba macho, kipo.

Juu, karibu na mji wa Kwale, tukabadilishana funguo. Dada, akaniambia, goti ni lako, mimi simo. Nikateremka mpaka Golini na kupanda tena. Kijiti cha gari lake ni kifupi, kinatembea nafasi ndogo sana, unakisukuma kwa kiganja na kinaingia kwa mlio mdogo wa chuma unaousikia mkononi kuliko sikioni. Kona ile ile ya kushoto: kisigino kikagusa mafuta huku vidole vya mguu viko kwenye breki, kama baba alivyonionyesha, klachi chini, ya pili ikaingia pale nilipoitaka. Gari likageuka kana kwamba lilikuwa likinisubiri. Spidi haikuzidi ile ya mwanzo, nilichungulia mshale kwa makusudi. Nilifika juu natetemeka goti, na nikaomba nirudie.

Wenye kushika dini ya klachi watasema basi, masikio ni haramu kwenye gari la spoti. Siendi nao mpaka huko. Yalipoingia kwenye Formula 1 na Ferrari 640, mwaka 1989, yalikuwa na sababu: dereva asiachie usukani, gia ziingie upesi, na kile kijiti kikiondoka chumba cha dereva kiweze kubanwa kiwe chembamba. Gari hilo lilishinda mashindano yake ya kwanza kabisa, Brazili, mikononi mwa Nigel Mansell. Porsche nao 2013 walitoa 911 GT3 ya masikio matupu, bila hata chaguo la kanyagio la klachi. Mle mna klachi mbili ndani ya sanduku la gia: moja imeshika ya tatu, nyingine imekwisha kuiandaa ya nne. Ukivuta, imeshaingia. Hata hivyo wenye magari walinung'unika hadi 2017 kanyagio la tatu likarudi kwenye GT3. Na waliokwenda Naivasha kutazama Safari wameona lao: 2021 magari ya daraja la juu yalibadilisha gia kwa masikio, 2022 kanuni mpya zikarudisha kijiti.

Langu si hilo la klachi mbili. Ni otomatiki ya kawaida, inayopitisha nguvu kwenye mafuta ya gia kama ile ya gari la kupelekea watoto shule, wakaibandika masikio. Na hata ingekuwa na klachi mbili, hiyo sekunde unayoiokoa waipeleka wapi? Gari la farasi 131 halina haraka ya kwenda popote. Utamu wake ni kazi unayoifanya wewe kwa mikono na miguu, na sikio linakunyang'anya nusu ya kazi hiyo halafu linaifanya kwa kuchelewa.

Kwa hiyo: kama magoti yako mazima, tafuta la gia ya mkono, subiri hata meli tatu. Kama mguu wako ni kama wangu, chukua hili, kwa sababu otomatiki yenye turubai wazi pale ufukweni Mama Ngina saa kumi na mbili jioni bado ni gari tamu. Ila liache liende lenyewe. Mimi masikio sasa nayagusa tu nikiteremka Mazeras, kushusha gia moja nipumzishe breki nyuma ya malori, na hapo yanafanya kazi vizuri.

Na ndugu yangu, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, ananipa ufunguo wake Kombani. Natia barafu kwenye kikasha, nakiweka buti. Buti la Roadster linakitosha hicho na mkate wa mofa, basi.